"Nimeona kwa Macho Yangu": Niliyojifunza Nikibeba Dodoso Shule kwa Shule

Karibu kila ofisi ya walimu ninayoingia na kishikwambi mkononi, hakosi mwalimu mmoja mwenye ushahidi. Mara nyingi ni wa Hisabati au ni mwalimu wa nidhamu, kanizidi umri, na ushahidi wake haubadiliki toka shule moja hadi nyingine. "Dada, nyie wa saikolojia mmesoma vitabu. Mimi nimeona kwa macho yangu. Mtoto akipata mbili ya kumi nikamchapa, jaribio linalofuata anapata nne. Nikimsifia aliyepata tisa, wiki ijayo huyo kashuka hadi saba. Fimbo inajenga, sifa zinaharibu."

Kazi yangu ni udadisi. Watafiti wanaandaa dodoso, wanahangaikia vibali, halafu sisi wadadisi ndio tunaopanda bodaboda hadi shuleni kuketi na watoto na walimu, kuuliza na kujaza. Chuoni mbinu za utafiti nilizisoma kama kila mtu anavyozisoma: maana ya sampuli, aina za sampuli, faida nne, hasara nne, mtihani ukipita unasahau. Huku uwandani ndiko nilikoona kwamba karibu kila mbinu iliyomo kwenye yale madaftari imewekwa kwa sababu ya mwalimu yule. Siyo kwamba ni mwongo. Kweli ameona. Shida ni kwamba macho yake, kama yangu, yanaona kitu na papo hapo yanakipa sababu.

Tuchukue hiyo fimbo. Alama ya mtoto kwenye jaribio moja ina mambo mawili ndani yake: anachokijua, na yaliyomkuta siku ile. Pengine aliamka bila kunywa chai, pengine maswali yaliangukia mada iliyofundishwa siku alipokuwa anaumwa. Aliyepata mbili mara nyingi ni mtoto wa nne ambaye siku yake ilikuwa mbaya. Jaribio linalofuata mikosi ile haijirudii yote kwa pamoja, basi anarudi kwenye nne yake. Aliyepata tisa naye alibahatika kidogo, anarudi kwenye saba yake. Mwalimu aliyesimama katikati yao na fimbo mkono mmoja na sifa mkono mwingine ataona jambo lilelile muhula mzima: akichapa alama zinapanda, akisifia zinashuka. Wanatakwimu wanaita hali hii kurejea kwenye wastani. Francis Galton aliiandika mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikutana nayo kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli, ambao walimwambia karibu maneno yaleyale ya mwalimu wetu: ukimsifia rubani anaharibu mruko unaofuata, ukimkaripia anarekebika.

Ukimweleza mwalimu haya kwa mdomo hayamwingii, na simlaumu. Mmoja alikubali tufungue daftari lake la alama. Katikati ya muhula alikuwa ameitwa semina, vipindi vyake vikashikwa na mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha, kijana mpole ambaye hakuruhusiwa kugusa fimbo. Tukawatafuta waliopata chini ya tatu kwenye jaribio la mwisho kabla mwalimu hajaondoka, ambao kwa hiyo hawakuchapwa na mtu. Wengi walikuwa wamepanda jaribio lililofuata. Tukawatafuta wa tisa na kumi, ambao hawakusifiwa na mtu. Wengi walikuwa wameshuka. Mwalimu alipitisha kidole jina kwa jina, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao walikuwa wanajua narudi."

Ofisi nzima ilicheka. Lakini hoja ile si ya kijinga hata kidogo, na mimi niliipenda kuliko angenikubalia tu. Alifanya kile ambacho mtafiti analipwa kukifanya: alileta maelezo mengine yanayolingana na namba zilezile. Daftari moja haliwezi kuyakataa. Ili uyakatae unahitaji watoto ambao hawana mwalimu wa fimbo wa kumsubiri arudi, wawe sawa na hawa katika kila jambo jingine, na uwapime siku moja kwa mtihani mmoja. Hilo ndilo kundi linganishi, lile ambalo wanafunzi wengi wa chuo huliandika kwenye mapendekezo yao ya utafiti kwa sababu msimamizi kataka liwepo.

Kabla ya kufika huko lazima kwanza ujue nani anachapwa na kwa kiasi gani, na hapo ndipo kazi ilipo. Kuna njia ya mkato: nyaraka. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Kwa hiyo unaomba kitabu. Unaletewa kitabu kisafi kabisa, chenye maandishi machache ya zamani, mengine kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kana kwamba muhula mzima uliandikwa asubuhi moja. Nje unasikia milio. Tangu hapo nyaraka yoyote nikiiona, ya hospitali, ya polisi, ya ofisi ya kata, najiuliza kwanza ni nani anayeijaza na angepata hasara gani akiijaza kikamilifu.

Basi unawauliza watoto wenyewe. Hapa ndipo nimejifunza mengi kuliko mahali pengine popote.

La kwanza ni kiti. Mwalimu mkuu kwa ukarimu wake atakupa ofisi, yenye feni na kalenda. Ukikubali umekwisha. Mtoto akikaa kwenye ofisi ambako jana alipiga magoti, atakuambia shule ni nzuri na walimu ni wazuri. Sisi huomba mahali panapoonekana na watu wote lakini sauti haifiki: chini ya mwembe upande wa uwanja, au darasa tupu lililo na madirisha wazi. Panapoonekana, kwa sababu mtu mzima mgeni hapaswi kujifungia na mtoto. Sauti isifike, kwa sababu za wazi. Na kiti cha mtoto tunakigeuza kiipe mgongo ofisi ya walimu. Mwanzoni nilidhani msimamizi wetu anatia chumvi. Kisha nikamwona mtoto akijibu maswali huku macho yake yakifuata shati la mwalimu wa zamu lililokuwa linakatiza uwanjani. Kila lilipotokea, jibu lilikuwa "hapana". Tulisogeza benchi.

La pili ni kuuliza matendo. Ukimuuliza mtoto kama anafanyiwa ukatili shuleni, atakataa bila kusita, maana kwake ukatili ni mambo ya kwenye taarifa ya habari. Ukimuuliza kama wiki iliyopita kuna mwalimu aliyempiga kwa fimbo, atakuhesabia: mkononi, matakoni, Jumanne, kwa kuchelewa namba. Na ni wiki iliyopita, siyo "huwa" wala "mwaka huu". Kumbukumbu ya mwaka mzima ni hadithi mtu aliyojitungia mwenyewe. Ya wiki iliyopita bado ina siku na mahali.

La tatu ni ridhaa. Mzazi anasaini fomu, au anaweka dole gumba mbele ya shahidi, lakini mtoto naye lazima akubali kwa nafsi yake. Sasa, mtoto ambaye mwalimu kamwambia "nenda kwa yule dada ukajibu maswali" anakataaje? Wengi hawatatamka. Anakaa, anachora chini kwa kidole cha mguu, anajibu kila swali "sijui". Tulikubaliana kwamba huyo amekataa. Unazima kishikwambi na kukaa naye muda uleule ambao wenzake wanakaa, mnapiga stori za netiboli au za mbuzi wa kwao, ili akirudi darasani asijulikane kuwa hakujibu. Jioni kwenye taarifa unaandika nafasi tupu. Mtafiti aliyeko mjini anaichukia nafasi tupu, lakini ikijazwa jibu la kulazimisha ndiyo mbaya zaidi, maana yenyewe haionekani.

Na kuna lile ambalo hakuna dodoso linalokuandaa nalo. Mtoto anakueleza jambo zito, mkono umevimba, au jambo la nyumbani ambalo hukumuuliza. Ulishamwambia kwamba majibu yake ni siri. Ulimwambia pia, kama fomu imeandikwa vizuri, kwamba akiwa hatarini kuna mtu utamwambia. Ndiyo maana siendi tena kwenye utafiti ambao haujapanga afisa ustawi wa jamii wa kupokea kesi kabla ya siku ya kwanza. Watafiti wenye haraka huona hilo ni gharama. Mimi naona ni sehemu ya swali lenyewe.

Sasa njoo kwetu sisi wadadisi, maana tunapenda kuwachunguza wengine. Berlin, mwanzoni mwa karne iliyopita, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans aliyekuwa anajibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1904 tume ya wataalamu ilikagua ikakosa ujanja wowote. Oskar Pfungst akaendelea kuchunguza, na maelezo aliyoyachapisha mwaka 1907 yanapaswa kubandikwa kwenye kila begi la mdadisi: farasi alikuwa hajui kujumlisha, alikuwa anamsoma muulizaji. Hesabu ikikaribia jibu sahihi, muulizaji alikaza mwili bila kujua, na jibu likifika alilegea. Farasi akaacha kugonga. Muulizaji asiyejua jibu alipata farasi asiyejua jibu.

Mtoto wa darasa la tano ni mwerevu kuliko farasi. Kwenye mafunzo tulikuwa tunasomeana maswali na kurekodiana kwa simu, kisha tunasikiliza. Ni jambo la kuudhi kusikia sauti yako ikilainika kwa huruma kwenye swali moja na kukimbia kwenye jingine, au "eti eeh?" ikijichomeka mwishoni bila kualikwa. Ndiyo maana tunasoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, hata swali likisikika la kipuuzi.

Hata hivyo sauti siyo kila kitu. Katika timu moja, mwenzetu alikuwa na tabia njema, msomaji mzuri, hakosei. Lakini wiki ya kwanza ilipoisha, watoto wake karibu wote walikuwa hawajapigwa na mtu, wakati watoto wetu sisi wengine, wa madarasa yaleyale, walikuwa wanatoa hesabu. Tuliweza kuliona hilo kwa sababu moja tu: nani akutane na mtoto gani ilikuwa imepangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya watoto wake kuwa tofauti. Ingekuwa kila mmoja kachagua darasa lake, tungesema darasa lile lina bahati. Msimamizi alimtazama mwenzetu vizuri: mtu mzima, miwani, suruali ya kupiga pasi, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Mwalimu mtupu. Akamhamishia kwenye dodoso la walimu, ambako walimfungukia kuliko walivyotufungukia sisi.

Kuna watafiti wanaosema basi acheni kuuliza, kaeni darasani muangalie. Tumefanya pia. Siku ya kwanza fimbo ziko nyuma ya kabati na mwalimu anawaita watoto "wanangu". Hali ya watu kubadilika wakijua wanatazamwa imepewa jina la kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, kulikofanyika majaribio kati ya 1924 na 1932, yakiwemo ya kubadili mwanga wa taa ili kuona kama wafanyakazi watazalisha zaidi. Ingawa takwimu za yale majaribio ya taa zilipochambuliwa upya mwaka 2011 hazikuonyesha waziwazi kile ambacho vitabu vimekirudia miaka yote. Mimi sihitaji Chicago kwa hilo, kabati linanitosha. Dawa yake ni kukaa hadi wakuzoee, na takwimu za siku za mwanzo unazitupa bila kuzionea huruma.

Ila uangalizi una adha yake ambayo watu hawaitaji. Waangalizi wawili wanaketi nyuma ya darasa moja, kila mmoja na karatasi yake, wanapiga vistari kila mwalimu anapomsifia mtoto. Kipindi kikiisha tunalinganisha, na mwenzangu ana vistari mara mbili ya vyangu. Tumeona mwalimu mmoja, dakika zilezile. Kumbe mwalimu ana mazoea ya kusema "haya, vizuri" baada ya kila jibu, hata jibu likiwa baya, na mwenzangu alikuwa anahesabu zote. Ikabidi tukae tuandike: ni sifa pale tu inapotaja alichofanya mtoto, au inapoambatana na makofi ya darasa. Tukarudi, tukaangalia tena, namba zikakaribiana. Ukisoma ripoti utaona mstari mmoja tu kwamba waangalizi walikubaliana kwa kiwango cha kuridhisha. Ule mstari ulitugharimu jasho.

Vipimo vyenyewe navyo vina kwao. Jeffrey Arnett alipopitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, makala yake ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea, ambazo zina asilimia 12 ya watu wote duniani. Lile jaribio maarufu la Walter Mischel wa Stanford, la kumwachia mtoto peremende laini na kumwahidi ya pili akisubiri, lilisomwa kwa miaka mingi kama kipimo cha uwezo wa kujizuia. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake waliligeuza kidogo: kabla ya peremende, mtu mzima aliwaahidi watoto vifaa bora vya kuchorea, nusu yao aliwaletea, nusu akarudi mikono mitupu. Waliotimiziwa walisubiri peremende dakika 12 kwa wastani, waliodanganywa dakika 3. Mtoto aliyekula mapema huenda alikuwa anapiga hesabu sahihi kabisa kuhusu watu wazima. Nikiwa na dodoso la tabia mkononi, huwa nalikumbuka hilo kabla sijamwekea mtoto alama ya "hana subira".

Turudi kwa fimbo na lile kundi linganishi. Unaweza kukuta shule zinazochapa sana zina ufaulu mdogo, na ukapata hamu ya kuandika kwamba fimbo inashusha ufaulu. Mwalimu atakuuliza, na atakuwa sahihi, kama si madarasa ya watoto mia na zaidi ndiyo yanayoleta vyote viwili. Au kama si watoto wanaofeli ndio wanaochapwa. Namba mbili zinazotembea pamoja hazikuambii nani anamvuta mwenzake. Njia safi ni bahati nasibu, na hapa maadili yanakukata: hakuna kamati itakayokuruhusu kupiga kura ili watoto hawa wachapwe na hawa wasichapwe.

Majirani zetu Uganda waliligeuza swali. Wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 ziligawanywa kwa bahati nasibu: nusu zikapata mpango wa Good School Toolkit wa shirika la Raising Voices la Kampala, wa kuwasaidia walimu na shule nzima kubadili namna ya kulea nidhamu, na nusu zikapangiwa kuupata baada ya vipimo vya mwisho. Baada ya miezi 18 waliulizwa watoto zaidi ya 3,800. Kwenye shule zilizopata mpango, asilimia 31 walisema walipigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Kwenye shule za kusubiri ilikuwa karibu asilimia 49. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, na wakati wa kukusanya takwimu hizo watafiti walipeleka mamia ya watoto kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto.

Niliwasomea namba hizo walimu wa shule moja wakati wa chai. Nilitegemea wabishane na ile tofauti. Mwalimu wa Hisabati yeye alikimbilia 31. "Hao wamefundishwa mwaka na nusu, na bado karibu theluthi moja ya watoto wanapigwa ndani ya wiki moja. Kwa nini?" Mwingine akaongeza kwamba pengine watoto wa shule zilizopata mpango walishajua jibu linalotakiwa. Yote mawili ni maswali halali, na la kwanza halijibiwi na dodoso la kuweka vema kwenye kiboksi. Lazima ukae na walimu, uwashe kinasa sauti wakiridhia, uulize swali moja la wazi kisha ufunge mdomo, jambo ambalo kwa wadadisi waliozoea kukimbiza maswali ni gumu kuliko linavyosikika.

Tulifanya mahojiano ya namna hiyo. Walimu walizungumzia wingi wa watoto, wazazi wanaokuja hadi getini kusema "mwalimu huyu mchape tu", ukaguzi, mshahara. Mmoja alisema, "Nachapa sana vipindi vya mchana." Kwenye uchambuzi tulikuwa wawili, kila mmoja anasoma maandishi peke yake na kuweka alama kila sentensi inahusu nini. Mimi ile sentensi niliiweka kwenye uchovu wa mwalimu. Mwenzangu aliiweka kwenye njaa ya watoto, kwa sababu shule ile haina chakula cha mchana na watoto mchana hawatulii. Tulibishana hadi tukakosa chai. Mwishowe tulimpigia mwalimu mwenyewe simu, na yeye akasema hakuna kati ya hayo: mchana ndipo mwalimu mkuu anapokuwa ameondoka.